Doa Lisilozunguka na Sarafu

6 Februari

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa pale barazani penye upepo, miguu juu ya kigoda, na si jikoni ukimfundisha mkweo namna ya kukata kitunguu. Huku hatujambo. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini mdomo wake mzima kabisa, kwa hiyo ondoa wasiwasi. Jana amegombana na muuza mkaa, na muuza mkaa ndiye aliyeomba radhi.

Kiti chako cha ukaguzi pale kiwanda cha sarafu bado ninacho. Nimekishonea mto kwa sababu ule ubao ulikuwa unanimaliza. Meza iko pale pale chini ya dirisha kubwa, na asubuhi mwanga unaingia mweupe, umetulia, kiasi kwamba mtu unaona haya kuongea kwa sauti. Wameleta sarafu mpya, ile ndogo ya ndege aliyekunjua mabawa. Kiini chuma, ngozi nikeli, nyembamba sana. Zinapita kwenye mkanda mbele yangu tangu naingia mpaka naondoka. Baadaye najikuta siko tena kwenye kiti. Naelea. Nikiweka lenzi juu ya lengelenge, pale hewa iliponasa chini ya ngozi wakati wa kuchovya chuma kwenye maji ya nikeli, naona kilima kinachong'aa, na nusu yangu imeshapanda kule juu inaangalia bonde la mabawa. Usicheke. Wewe mwenyewe uliniambia ulikuwa unaona mito.

Sasa nina jambo linalonisumbua. Tangu mwezi uliopita naona doa kifuani mwa ndege. Ni dogo, la kijivu, lina ukungu, kama ngozi imetaka kuvimba ikaghairi. Liko kwenye kila sarafu, pale pale. Ulinifundisha kwamba kasoro ya ngozi haina makao, leo iko ukingoni, kesho iko juu ya namba, na kwamba ikirudi mahali pale pale basi kosa si la birika la kuchovyea bali la chapa inayogonga picha. Kwa hiyo nikasimamisha mashine. Fundi akaitoa chapa, akaisafisha, akaikagua, hakuona kitu. Wakafunga nyingine mpya. Doa likabaki.

Msimamizi wetu, yule tunayemwita Bwana Sasa Hivi, alinitazama namna ya mtu anayehesabu moyoni. Mimi nakuuliza wewe: umewahi kuona doa la namna hii, linalohama kutoka chapa moja kwenda nyingine?

Ni mimi, mtoto wa kaka yako.


19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilifika mapema, mimi ndiye niliyechelewa. Nilikuwa na magoti, halafu nikawa na wageni, halafu nikawa na uvivu. Chagua mojawapo.

Mkwe wangu kitunguu ameshakiweza. Sasa tuko kwenye chumvi, na huko naona tutafika mwaka kesho. Binti yangu anasema nimwache mume wake apumue. Nimemwambia apumue akiwa nje ya jiko. Mwambie mama yako achemshe maji anywe ya moto, aache kuwasemesha watu kwenye baridi la asubuhi.

Kuhusu doa. Mambo ya kwanza unayajua, lakini nitayasema hata hivyo. Lengelenge la kweli ukilibonyeza kwa njiti ya mbao linabonyea, maana ndani ni tupu. Mpasuko wa ngozi unakaa kandokando ya herufi, pale chuma kiliponyooshwa kuliko ngozi inavyoweza, na ndani yake unaona mstari mweusi wa kiini. Doa la dawa halina kimo, ukilipapasa kwa ukucha husikii kitu. Hayo matatu umeyajaribu?

Halafu fanya hivi. Shika sarafu kwa ncha za vidole, izungushe polepole huku jicho lako likiwa limetulia. Doa la sarafu huzunguka na sarafu. Ndege akilala chali, doa nalo linalala chali naye.

Na ukiwa nyumbani, simama mbele ya mlango wa mama yako, ule wenye mbao zilizosimama wima. Ziba jicho moja, utazame mbao. Kisha ubadilishe jicho. Niambie kama zimenyooka. Najua unauliza milango imeingiaje kwenye mambo ya sarafu. Fanya tu, mama, uniandikie. Usikae na jibu.

Shangazi yako.


30 Aprili

Kwako Shangazi,

Shikamoo tena na tena. Hongera kwa kitunguu. Mama kikohozi kimepungua, na wewe unasingiziwa kwamba ndiye uliyemponya kwa barua.

Hapa mtaani wametengeneza bomba lililokuwa linavuja pale kona, na watu wamekosa mahali pa kusimama na kusengenyana. Jirani wetu mshonaji amenunua cherehani ya umeme, basi ukuta wangu unatetemeka mchana kutwa, nami nimeanza kuipenda ile sauti. Inanipa usingizi mtamu Jumapili. Nimeota nipo kwenye birika la nikeli, lile kubwa alilokuwa anasimamia baba. Maji yake ya kijani yalikuwa ya uvuguvugu, nami naogelea humo bila kuhitaji hewa. Ngozi ya fedha ikanipanda kutoka miguuni, taratibu, wala haikuuma. Baba akanitoa kwa ile ndoano yake ndefu, akaniinua kwenye mwanga akitafuta kasoro. Lakini uso wake ulikuwa umeelekea kwingine. Nikaamka nikiwa na hasira naye, na sasa ni miaka mingi tangu afariki.

Kazini si kubaya. Siku hizi nakataa trei nyingi kidogo, na Bwana Sasa Hivi amemweka mtu wa kuzipitia tena zile nilizokataa. Anasema ni utaratibu mpya. Kama ni utaratibu mpya, mbona ni kwenye meza yangu tu?

Mlango wa mama hauna neno. Umepakwa rangi.

Ni mimi.


11 Mei

Mwanangu,

Sikuuliza habari za rangi.

Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nimekaa kwenye kile kiti nikiwaona watu wazima wakificha mambo nyuma ya habari za bomba na cherehani. Nakuuliza tena, sentensi mbili tu nataka. Ulipozungusha sarafu, doa lilizunguka? Mbao za mlango zimenyooka?

Sote tu wazima. Mimi sina raha.

Shangazi yako.


27 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Mama hajambo. Wote hatujambo.

Niligeuza sarafu na doa halikugeuka. Ndege alilala chali, akasimama kwa kichwa, akarudi, na doa likabaki limening'inia palepale katikati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Nilichukua sarafu ya zamani, ile ya namba kubwa, nikaliona. Nikachukua kifungo cha koti, nikaliona. Nikatazama ukuta mweupe wa chooni, nikaliona kwenye ukuta.

Mlango niliuendea siku ile ile nilipopata barua yako ya kwanza, sikusubiri. Kwa jicho la kushoto umenyooka. Kwa la kulia mbao za katikati zinapinda, zinajivuta kama mlango uko chini ya maji na mtu amepita hapo. Nilisimama pale muda mrefu. Sitakudanganya, ni pazuri. Ningekuwa sijui maana yake ningekaa nikitazama siku nzima.

Kwa hiyo wiki zote zile nimekataa sarafu nzuri. Nilisimamisha mashine, nikamtia fundi wa watu aibu mbele ya wenzake, na kosa lilikuwa limekaa ndani ya kichwa changu limetulia tuli. Nikifikiria hilo natamani ardhi ipasuke.

Najua utakachosema. Siendi kwa daktari wa macho. Daktari ataandika cheti, cheti kitafika kwa Bwana Sasa Hivi, na mkaguzi mwenye jicho bovu si mkaguzi. Nikitoka kwenye kile kiti, mimi ni nani? Nimeshajifunza mbinu. Nikigeuza kichwa kidogo pembeni, doa linasogea na ndege anaonekana. Ninaweza kwenda hivyo miaka. Baba alifanya kazi pale mpaka alipougua ini, na hakuna siku aliyowahi kulalamika.

Na kwa kuwa tumefika kwa baba, acha niseme nimalize. Siku nilipopewa ile kazi nilikimbia nyumbani na kitambulisho mkononi. Nikamwonyesha. Akakishika, akasema, "Vizuri, mama, vizuri sana," huku anatazama ukuta. Ukuta, Shangazi! Utoto wangu wote alinisemesha akiangalia ukuta, au dirisha, au bega langu. Nilifikiri nikikaa kwenye meza ile, trei zake zikapita mikononi mwangu, siku moja ataniangalia usoni kama watu. Akafa kabla. Kwa hiyo kiti hiki siachii.

Usinikasirikie.


2 Agosti

Mwanangu mpenzi,

Sikukukasirikia. Nimekaa kimya miezi hii kwa sababu nilikuwa nagombana na marehemu, na marehemu hana haraka.

Mkwe wangu amepika juzi peke yake tangu mwanzo mpaka mwisho, tukala, hakuna aliyekufa. Binti yangu hajambo. Nimekusalimia, sasa nisikilize.

Mwaka ambao wewe ulikuwa unaanza kutambaa, baba yako alikuwa fundi birika na mimi niko mezani. Kazi yake ilikuwa kuleta trei kutoka kwenye maji na kunionyesha sarafu mbili tatu, mimi nitazame kama ngozi imeshika. Siku moja akanyanyua sarafu huku anatazama bega langu. Nikamwambia, "Kaka, leo umevaa miwani mapema," maana nilidhani amelewa. Hakucheka. Akaniambia nimfuate stoo. Tukasimama kule kati ya magunia, akanishika mkono, akasema, "Dada, katikati ya kila kitu pametoboka." Kwanza lilikuwa doa, kama lako. Kisha mistari ikapinda. Kisha pakawa tundu. Pembeni alikuwa anaona vizuri, mpaka kifungo cha shati. Lakini akitazama kitu moja kwa moja, kinatoweka.

Nikamwambia aende hospitali. Akasema watamtoa kazini. Nikamwambia amwambie mkewe. Akasema mkewe atamtoa kazini kabla ya wao. Akanilazimisha niahidi, nami nikaahidi, kwa sababu alikuwa analia, na sikuwa nimemwona kaka yangu akilia tangu tukiwa watoto. Kuanzia siku hiyo trei zake nilizitazama mimi kwa macho ya watu wawili. Yeye akajifunza mbinu, kama wewe unavyojifunza. Mbinu ilimfikisha mbali, lakini tundu nalo lilikuwa linakua. Mwisho aliniambia sura za watu zimekuwa kama sarafu zilizotumika mpaka picha ikaisha, isipokuwa akizitazama kwa kuibia.

Ulipozaliwa bado alikuwa anaona vizuri, alikutazama mpaka mama yako akamwambia atammaliza mtoto kwa macho. Baadaye, kila alipotaka kukuona, ilibidi atazame kitu kingine kilichokuwa karibu yako. Alichagua ukuta. Aliniambia hivyo mwenyewe, maneno yake haya: "Nikimtazama mtoto usoni namfuta. Nikitazama ukuta, yupo wote, anacheka."

Kwa hiyo ile siku ya kitambulisho, mwanangu, alikuwa anakutazama. Hakuwa anatazama kitu kingine chochote.

Nimevunja ahadi. Akija ndotoni kuniuliza nitamjibu, tena nitamjibu vibaya. Kaka yangu nilimwacha apoteze macho yake kwa sababu alinibembeleza. Wewe huna ubembelezi wa kunitosha. Siku hizi wana sindano ya kuuzuia ugonjwa huu ukiuwahi, mkwe wangu ameniulizia kwa daktari wa huku. Ukichelewa, haina kazi. Kiti ni ubao na mto ulioshona mwenyewe, uchukue mto uondoke.

Nenda kesho. Siyo wiki ijayo, kesho.

Shangazi yako.


14 Oktoba

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Nimechelewa kuandika kwa sababu ilibidi jicho lipumzishwe, na hata sasa naandika kwa vituo. Mwandiko ukiona unapanda mlima ujue si ulevi.

Nilikwenda. Si kesho yake, maana siku iliyofuata nilikaa kitandani nimeikumbatia barua yako. Nilikwenda siku iliyofuatia hiyo. Daktari ni mwanamke mpole mwenye vidole baridi. Alinitia dawa ya kutanua mboni, dunia ikawa nyeupe yote, taa zikaota manyoya, nikarudi nyumbani nikipapasa kuta za mtaa wangu mwenyewe na kucheka peke yangu kama mwehu. Baadaye wakanichoma sindano kwenye jicho. Kuisikia ni vibaya kuliko kuchomwa. Nilichoona ni wingu dogo la wino likishuka polepole ndani ya maji, likatawanyika, likaisha. Nitachomwa nyingine, na nyingine tena. Daktari amesema jicho la kulia lile doa litabaki nalo, lakini halitakuwa tundu. La kushoto ndilo lilikuwa linajiandaa, nalo tumeliwahi. Ningekuja mwakani, amesema, tungeongea mengine.

Kiti kimekwenda. Cheti kilifika kwa Bwana Sasa Hivi kama nilivyojua kitafika. Alikisoma amesimama, kisha akakaa, nami sijawahi kumwona akikaa. Akasema, "Kwa nini hukuniambia?" Nikasema, "Kwa sababu ungefanya hiki unachotaka kufanya." Akakubali kwamba ni kweli. Nimehamishiwa chumba cha mizani, ambako sarafu zinapimwa kwa uzito, na mizani inasoma namba zake kwa herufi kubwa. Hakuna dirisha. Nililia siku ya kwanza na ya pili. Nilikwenda pia kwa fundi wa chapa nikamwomba radhi mbele ya wale wale. Akaniambia, "Dada, mimi mwenyewe nilishaanza kuliona hilo doa lako." Tukacheka mpaka mkanda ukasimamishwa.

Sasa mama.

Sikutaka kumwambia. Niliona umri wake, nikaona shida aliyokwisha kuipata, nikasema nitakufa nalo. Ndipo nikajisikia nikifikiri vile vile alivyofikiri baba, nikaogopa. Nikamkuta chumbani anakunja nguo, nikakaa kitandani, nikamsomea barua yako yote, hata pale penye ulevi.

Alikunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena. Halafu akasema, "Mimi nilidhani anaona aibu kuwa na mimi." Akaniambia walipokuwa wakikaa mezani, yeye amejipamba, amevaa vizuri, mwanamume anakodolea macho dirisha. Alifikiri kuna mtu huko nje. Miaka yote ile, Shangazi, alikuwa na wivu na dirisha! Kuna siku alilifunga kwa misumari, na baba akahamia kutazama kabati.

Akanisogelea, akaniuliza, "Kwa hiyo alikuwa ananiona?"

Nikasema ndiyo.

"Alikuwa anaona nini?"

Nikamwambia sijui, lakini naweza kujaribu. Nikaziba jicho langu la kushoto lililo zima. Mama akaondoka kidogo, akarudi amevaa lile gauni la kijani ambalo halijawahi kutoka sandukuni tangu msiba, amechana nywele, amesimama katikati ya chumba mikono imeshikana kama binti anayepigwa picha. Nilipomtazama usoni, uso ukaingia kwenye ukungu, ukafutika. Nikageuza macho yangu, nikatazama dirisha.

Na pale pembeni akatokea. Alikuwa wote, Shangazi, na mwanga wa dirishani umemfika mpaka miguuni. Niliona kola ya gauni, niliona mabega yake yalivyokuwa yanapanda na kushuka, niliona anavyouma mdomo asilie.

"Unaniona?" akauliza.

"Nakuona, mama. Umependeza."

Akasema nisigeuke. Akaniomba nibaki hivyo hivyo, nitazame dirisha, mpaka atakaponiambia basi. Nikabaki. Jua lilihama kutoka kwenye meza likaenda kwenye ukuta, na mama alikuwa bado amesimama pale akitazamwa.

Anakusalimu. Anasema bado amekukasirikia, na akimaliza atakuandikia mwenyewe.

Mtoto wa kaka yako.